Vipimo vya ndege za vita: namna ya kuvitambua, na radiumu ya Katanga iliyobaki ndani yake

Vitu hivi vinauzwa katika masoko ya vitu vya zamani huko London, Brussels ao Chicago. Ni vya duara, vyeusi, vyenye kioo mbele na mishale midogo ndani. Kimoja kilikuwa kinaonyesha kimo cha ndege, kingine mwendo, kingine joto la mafuta ya injini. Vilitolewa katika ndege za vita zilizokatwakatwa baada ya mwaka 1945, na leo watu wanavitafuta, wanavisafisha na kuvipanga ukutani kama vile wengine wanavyokusanya stempu ao makuta ya zamani.

Kwa mkaaji wa Likasi ao Lubumbashi, jambo hili linaweza kuonekana kuwa la mbali. Lakini rangi ya kijani-njano iliyopakwa kwenye namba nyingi za vipimo hivyo, ile iliyowaka usiku bila taa, ilikuwa na radiumu. Na kwa miaka karibu kumi, sehemu kubwa ya radiumu ya dunia nzima ilitoka katika mgodi mmoja tu: Shinkolobwe, katika Haut-Katanga ya leo.

Kazi ya kila kipimo

Ili mtu atambue kipimo, anapaswa kwanza kujua kilifanya kazi gani. Vipimo vya ndege vimegawanyika katika makundi matatu.

Kundi la kwanza linatumia hewa. Altimetre ina kikopo chembamba cha chuma kilichotolewa hewa ndani. Ndege ikipanda, hewa ya nje inapungua nguvu, kikopo kinavimba kidogo, na vigurudumu vinasukuma mshale. Kipimo cha mwendo nacho kinalinganisha hewa inayoingia kwa nguvu katika bomba la mbele ya ndege, bomba la Pitot, na hewa iliyotulia. Wanaosema Kifaransa wanakiita hadi leo «badin», kwa jina la Mfaransa Raoul Badin.

Kundi la pili linatumia jiroskopu, yaani gurudumu dogo linalozunguka kwa kasi sana na kukataa kubadili mwelekeo wake. Ndiyo inayomwambia rubani aliye ndani ya mawingu kama mabawa yako sawa ao yameinama. Kundi la tatu ni la injini: mizunguko, joto, nguvu ya mafuta.

Tarehe 24 mwezi wa tisa mwaka 1929, rubani Mmarekani Jimmy Doolittle alipanda angani, akazunguka na kutua bila kuona nje, akifuata vipimo peke yake. Altimetre aliyotumia ilitengenezwa na Paul Kollsman, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani na kuanzisha kompani yake mwaka 1928. Altimetre hiyo iliweza kurekebishwa kufuatana na hali ya hewa ya siku, na kidirisha kidogo chenye namba za kurekebisha bado kinaitwa dirisha la Kollsman. Tangu hapo, vipimo havikuwa tena nyongeza ya macho ya rubani. Vilikuwa macho yenyewe wakati wa usiku na wa mawingu.

Ndiyo maana kabla ya vita ya pili ya dunia jeshi la anga la Uingereza lilichagua vipimo sita na kuviweka pamoja kwa mpango mmoja katika ndege zake nyingi: mwendo, upeo wa macho, kasi ya kupanda na kushuka, kimo, mwelekeo, na kukata kona. Rubani aliyehamishwa kutoka ndege moja hadi nyingine alikuta kila kitu mahali pake.

Soma pindo kabla ya kuangalia rangi

Mama anayejua vikwembe haanzi kwa kusifu maua ya kitambaa. Anageuza pindo na kusoma jina la kiwanda. Mkusanyaji wa vipimo naye anafanya hivyo hivyo: anageuza kipimo na kutafuta kibao kidogo cha chuma ao maandishi yaliyogongwa nyuma. Pale ndipo kitu kinajitambulisha.

Kipimo cha Uingereza mara nyingi kina herufi A.M., zinazomaanisha Wizara ya Anga, pamoja na taji la mfalme. Kisha kuna namba ya ghala. Kama inaanza na 6A, hiyo ni sehemu ya ghala iliyowekewa vipimo vya ndege.

Kipimo cha Marekani cha wakati wa vita kinaweza kuwa na herufi AN, maana yake ni kwamba jeshi la nchi kavu na jeshi la majini walikubaliana kutumia aina moja. Kando yake kuna namba ya oda, na mara nyingi tarakimu mbili ndani yake zinaonyesha mwaka wa bajeti: 41, 42, 43. Majina ya viwanda yanayorudi mara kwa mara ni Kollsman, Pioneer na Sperry. Kwa saa, ni Elgin, Waltham na Hamilton.

Kipimo cha Ujerumani kina herufi Fl. zikifuatwa na namba. Zinazoanza na 20 kwa kawaida ni za injini, 22 ni za kuongoza ndege, 23 ni za dira. Wajerumani walitumia pia duara za rangi: njano kwa petroli, kahawia kwa mafuta ya kulainisha injini. Wakati wa vita, viwanda vyao viliacha kuandika majina na kuweka herufi chache za siri, ili adui asijue kiwanda kiko wapi.

Kipimo cha Japani kinahitaji hesabu. Jeshi lilihesabu miaka kufuatana na kalenda ya ufalme, ambayo mwaka wetu wa 1940 ulikuwa wa 2600. Kitu cha jeshi la majini kilichokubaliwa mwaka huo kiliitwa «aina 0», na ndiyo asili ya jina la ndege Zero. Aina 97 ni ya mwaka 2597, yaani 1937. Alama ya nanga inaonyesha kwamba kitu ni cha jeshi la majini.

Kipimo cha Urusi ya Kisovieti kinajulikana kwa herufi za Kirusi na kwa kilometa. Saa ya AVR-M na ile ya AChS-1 iliyofuata ni kati ya zile zinazopatikana kwa urahisi zaidi.

Kwa vitu vya miaka ya nyuma kidogo, namba ya ghala ya inchi za NATO inasaidia sana. Ina tarakimu 13. Nne za kwanza zinataja aina ya kitu: 6610 ni vipimo vya kuongoza ndege, 6620 ni vya injini, 6605 ni vya kutafuta njia, 6645 ni saa. Mbili zinazofuata zinataja inchi: 13 ni Ubelgiji, 14 Ufaransa, 99 Uingereza, 12 Ujerumani, 21 Canada, 00 ao 01 Marekani. Kibao cha Marekani chenye tarakimu 11 peke yake kwa kawaida ni cha kabla ya mwaka 1974, kwa sababu wakati huo tarakimu mbili za inchi zilikuwa hazijaongezwa.

Namba za usoni nazo zinasema

Kibao kikikosekana, uso wa kipimo unabaki. Mwendo ukiandikwa kwa kilometa kwa saa, na kimo kwa kilometa, kuna uwezekano mkubwa kwamba kitu kimetoka Ujerumani ao Urusi. Mwendo ukiandikwa kwa maili na kimo kwa futi, ni Uingereza ao Marekani. Ukiandikwa kwa noti, kipimo cha baharini, fikiria jeshi la majini, ama Uingereza baada ya vita. Namba ya mwisho kwenye uso nayo ina maana: kipimo kinachoishia kwenye mwendo mdogo hakikufungwa kwenye ndege ya kufukuza adui.

Hapo ndipo wauzaji wengi wanadanganya, na wanunuzi wengi wanapenda kudanganywa. Mtu ataambiwa: «Hii imetoka kwenye Spitfire.» Dira ya P8, kwa mfano, ilifungwa kweli kwenye Spitfire. Lakini ilifungwa pia kwenye Hurricane na ndege zingine. Altimetre ya aina ile ile ilitumika kwenye ndege ndogo na kwenye ndege kubwa za mabomu. Kipimo chenyewe kinaweza kusema kilitengenezwa kwa ajili ya jeshi gani na wakati gani. Ni mara chache sana kinaweza kusema kilikaa ndani ya ndege gani. Ushuhuda huo unatoka katika karatasi, picha ya zamani, ao maneno ya familia iliyokitunza, na bila hivyo bei ya jina kubwa ni bei ya hadithi.

Kuna pia udanganyifu wa mikono. Vibao vipya vinagongwa na kufungwa kwenye vitu vya zamani. Alama ya tai ya Ujerumani inaongezwa ili kupandisha bei. Nyuso zinapakwa rangi upya. Mkusanyaji mwenye uzoefu anaangalia kama uzee unalingana: kibao kinachong'aa juu ya chuma kilichochakaa, skrubu zenye alama mpya za bisibisi, namba nyeupe kabisa ambazo zilipaswa kuwa zimegeuka njano.

Jambo lingine ni heshima kwa wafu. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1986 inakataza kuchimba mahali ndege ya jeshi ilipoanguka bila ruhusa, kwa sababu mwili wa rubani unaweza kuwa bado umo. Kipimo kilichopinda, chenye udongo, kinaweza kuwa kimetolewa kaburini.

Kutoka Kamina hadi Bukavu

Congo nayo ilipitiwa na ndege hizi. Kituo cha Kamina kilianza kujengwa na Wabelgiji mwaka 1949, na katika miaka ya 1950 marubani wa Ubelgiji walijifunza pale kwa ndege za Harvard, jina ambalo Waingereza na Wakanada waliipa ndege T-6 ya Marekani. Mwezi wa tisa mwaka 1961, wakati wa Katanga iliyojitenga, ndege ya Fouga Magister iliyotengenezwa Ufaransa ilishambulia majeshi ya UNO. Miaka ya 1964 na 1965, ndege za T-28 na B-26 kutoka Marekani zilipigana na waasi wa Simba mashariki ya inchi.

Kwa hiyo kipimo kinachookotwa kati ya vyuma vikuukuu, vile watu wa huku wanaviita «mitraille», kinaweza kuwa na maandishi ya Kiingereza kama kimetoka kwenye Harvard, T-28 ao B-26, na ya Kifaransa kama kimetoka kwenye Fouga. Mwenye kukiyeyusha anapata uzito wa aluminiumu peke yake. Mwenye kusoma kibao kwanza anajua ana nini mkononi, na anajua pia kama ana hatari mkononi.

Radiumu ya Shinkolobwe

Radiumu iligunduliwa na Marie na Pierre Curie mwaka 1898. Ikichanganywa na unga wa sulfidi ya zinki, mionzi yake inapiga unga huo na unatoa mwangaza mchana na usiku. Kwa jeshi ilikuwa kama zawadi: rubani angeweza kusoma vipimo gizani bila kuwasha taa ambayo adui angeiona.

Shida ilikuwa bei. Gramu moja inatoka katika karibu tani tatu za uraniumu. Mwaka 1921, wanawake wa Marekani walichanga dola 100.000 ili kumnunulia Marie Curie gramu moja tu.

Lakini mwaka 1915, Mwingereza Robert Rich Sharp aliyekuwa akifanya kazi ya kutafuta madini kwa ajili ya Union Minière alikuwa amekwisha kuona mawe ya uraniumu pale Shinkolobwe. Uchimbaji ulianza mwaka 1921, mawe yakasafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, na mwishoni mwa mwaka 1922 kiwanda hicho kilitoa radiumu yake ya kwanza. Mawe ya Katanga yalikuwa na uraniumu nyingi kiasi kwamba migodi ya radiumu ya Marekani ilifungwa, haikuweza kushindana. Mwaka 1929, Marie Curie alipopewa feza kwa ajili ya gramu ya pili, dola 50.000 zilitosha. Ubelgiji ilishika soko hadi miaka ya 1930, wakati Canada ilipoanza kuuza radiumu yake.

Kipimo hakiandikwi jina la mgodi. Hakuna anayeweza kushika saa moja ya ndege na kuapa kwamba rangi yake ni ya Katanga. Lakini kwa saa na vipimo vilivyotengenezwa Ulaya na Marekani kati ya mwaka 1922 na mwanzo wa miaka ya 1930, Katanga ndiyo asili yenye uwezekano mkubwa. Na kwa vile vya wakati wa vita, vyanzo vikubwa vilikuwa viwili, Congo na Canada.

Watoto wanaosoma historia wanajua Shinkolobwe kwa sababu ya Hiroshima, mwaka 1945. Ni wachache wanaojua kwamba miaka ishirini kabla ya bomu, mgodi huo huo ulikuwa umeshawasha saa za marubani.

Waliolamba brashi

Gharama ya mwangaza huo ilionekana mapema. Huko Marekani, katika viwanda vya New Jersey, Illinois na Connecticut, wasichana walipaka rangi ya radiumu kwenye nyuso za saa. Ili brashi iwe na ncha nzuri, walifundishwa kuichonga kwa midomo. Radiumu mwilini inafanana na kalsiumu, kwa hiyo inaingia katika mifupa na kukaa. Taya zilioza, mifupa ikavunjika, wengi wakafa. Watano kati yao walishitaki kiwanda huko New Jersey, na mwaka 1928 wakapata malipo ya maelewano. Kesi zao ni kati ya zile zilizofungua njia ya kulinda wafanyakazi dhidi ya mionzi.

Sehemu nyingine ya gharama ilibaki ardhini. Huko Dalgety Bay, Scotland, baada ya vita ndege nyingi zilivunjwa katika uwanja wa Donibristle. Vipimo vyake vilichomwa moto na majivu yakatupwa kando ya bahari. Mwaka 1990 mionzi iligunduliwa kwenye ufuko ambapo familia zilikuwa zikitembea. Vipande maelfu vimeokotwa tangu hapo, sehemu ya ufuko ikafungwa, na kazi kubwa ya kusafisha iliisha mwaka 2023 tu, karibu miaka 80 baada ya vita.

Sababu ni hesabu rahisi. Radiumu inapunguka nusu kila miaka 1.600. Unga wa zinki unachoka baada ya miaka michache, kwa hiyo rangi inaacha kuwaka. Wengi wanafikiri: haiwaki tena, basi imekufa. Hapana. Kilichokufa ni unga. Radiumu iko karibu kama ilivyokuwa siku ile ilipopakwa.

Afanye nini mwenye kukiona

Rangi ya kahawia ao ya krimu, nene, iliyopasuka kidogo juu ya namba na mishale, ni dalili ya kwanza. Alama za moto kwenye karatasi ao kwenye uso karibu na namba ni dalili ya pili. Lakini jibu la kweli linatoka kwenye mashine ya kupima mionzi peke yake. Si kila rangi ya kuwaka ni radiumu: vipimo vingine vilitumia rangi isiyo na mionzi iliyoangaziwa kwa taa maalumu, na vya baadaye vilitumia tritiumu, ambayo inapunguka nusu kila miaka 12.

Kipimo kizima, chenye kioo kisichopasuka, kilichowekwa mbali na mahali watu wanalala, kina hatari ndogo. Hatari kubwa ni vumbi. Mtu akikifungua, akakwangua rangi, akapiga msasa ao kukichoma, radiumu inaingia puani na mdomoni, na inafuata njia ile ile ya wasichana wa New Jersey. Wanaovikusanya kwa busara wanafuata masharti machache: hawafungui kioo, hawapaki namba upya, wanaosha mikono, hawawaachii watoto, na hawajazi vingi katika chumba kisicho na hewa, kwa sababu radiumu inazaa gesi ya radoni. Kioo kikivunjika, kitu kinafungwa katika mfuko wa plastiki bila kufagia vumbi, kisha wanaohusika na mionzi wanaitwa. Hapa Congo kuna kamati ya kitaifa ya kinga dhidi ya mionzi, CNPRI.

Ushauri huo unafaa kwa mwenye kuuza mitraille wa hapa kama kwa tajiri wa Ulaya, lakini wawili hao hawana bahati sawa. Mkusanyaji wa Ulaya ana mashine ya kupima, ana vitabu, ana ofisi ya kupigia simu. Shinkolobwe ilifungwa kwa amri ya rais mwezi wa kwanza mwaka 2004, na bado mwezi wa saba mwaka huo shimo liliporomoka na kuua wachimbaji wa mikono wasiopungua wanane. Walikuwa wakitafuta kobalti katika ardhi ile ile, bila kifaa cha kuwaambia ni nini wanachovuta katika vumbi.

Katika jumba la makumbusho ya jeshi huko Brussels, ndege za zamani zinatazamwa na wageni kutoka pande zote za dunia. Wanaonyeshwa injini, bunduki na majina ya marubani. Mtu wa Katanga akipita pale, anaweza kuinama mbele ya kioo cha rubani na kuangalia zile namba zilizogeuka kahawia. Kibao cha nyuma kitataja kiwanda, mwaka na inchi. Jina la Shinkolobwe halimo, na ni juu ya wenyewe kulijua na kulifundisha.